Kabla ya kufunga daftari, uliza karani anapoteza nini

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako tuzungumze na wakuu wa afisi, hospitali, hoteli na vyama vya ushirika vya huku kwetu Malindi na Lamu. Mahali pengi sasa daftari linatoka na kompyuta inaingia, zamu zinapangwa upya, idara mbili zinafanywa moja. Mashine hununuliwa kwa zabuni, hukaguliwa, hutiliwa sahihi. Watu watakaozitumia huarifiwa kwa karatasi iliyobandikwa ukutani wiki moja kabla. Baada ya miezi sita mashine imefunikwa kitambaa, daftari limerudi mezani, na mkuu analalamika kwamba watu wa Pwani hawapendi mambo mapya.

Maneno hayo si ya kweli na yanatuuma. Mvuvi aliyetoka kwenye tanga akafunga mashine ya nje hakuletewa waraka. Muuza samaki aliyeanza kupokea malipo kwa simu baada ya M-Pesa kuingia mwaka 2007 hakuhudhuria semina. Walibadilika kwa sababu waliona wanachokipata, na hakuna aliyewapokonya heshima yao njiani. Mfanyakazi anayekataa mfumo mpya mara nyingi analinda kitu ambacho hakuna aliyemuuliza habari zake. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na wafanyakazi wetu wameona misala mingi ikipita: mradi wa mfadhili wenye programu yake, miaka miwili fedha zikaisha, programu ikazimwa, na aliyekuwa ametupa daftari lake ndiye aliyeaibika mbele ya watu. Kushika mbacha wako hali hiyo ni akili.

Kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla ya kutangaza tarehe yoyote, ni kujua nani anapoteza nini. Chukua karatasi kubwa. Upande wa kushoto andika kila kazi inayoguswa, na hapa tunasema kazi, si cheo, kwa maana watu wawili wenye cheo kimoja wanaweza kuguswa tofauti kabisa. Mbele yake chora safu sita: muda, pesa, heshima, ujuzi, wenzake wa kazi, na uhuru wa kuipanga siku yake. Zijazeni pamoja na wenye kazi hiyo, watu wasiozidi kumi kwa kikao, saa mbili zinatosha. Mkuu akizijaza peke yake afisini, safu ya pesa itajaa na safu ya heshima itabaki tupu, na humo ndimo mambo huharibika.

Mtazame karani wa masijala ya hospitali aliyekaa hapo miaka 20. Analijua faili la kila mgonjwa lilipo. Mgonjwa akija bila kadi, karani anauliza tu ni wa mtaa gani na mamake ni nani, kisha anaingia ndani na kutoka na faili. Ufundi huo ndio uliomfanya daktari amwite kwa jina na wagonjwa wamwamkie barabarani. Siku kompyuta inapowashwa, kijana aliyeajiriwa juzi anamshinda kwa wepesi wa vidole. Mshahara wake haukupungua hata shilingi moja, lakini yeye amepungua. Mkuu anaposimama kusema "msiwe na wasiwasi, mishahara haiguswi", anajibu swali ambalo karani hakuuliza.

Kila hasara iliyoandikwa iamuliwe mojawapo ya mambo matatu: inazuilika, inafidika, au haina dawa na itabidi ikiriwe waziwazi mbele ya anayeipata. Hasara ya karani huyu inafidika kabisa, tena kwa faida ya hospitali. Lamu majina yanarudiarudia. Katika foleni ya asubuhi moja unaweza kupata kina Mohamed Ali watatu na kina Fatma Omar wawili, na watoto hawana namba ya kitambulisho. Programu iliyotengenezwa kwingine ina nafasi tatu za majina na moja ya namba ya kitambulisho, basi. Matokeo yake ni kumbukumbu za wagonjwa wawili kuingia mahali pamoja, na hilo ni jambo la hatari: dawa inayomdhuru mmoja haionekani kwa sababu imeandikwa kwa mwingine. Anayejua namna ya kuwatenganisha ni karani wetu. Mtieni katika kikundi kinachoandaa fomu ya usajili tangu mwanzo, aamue nafasi za kuongezwa, yaani mtaa, jina la mama, lakabu ya ukoo. Mwezi wa kwanza mpeni kazi ya kupitia orodha na kuondoa majina yaliyoandikwa mara mbili. Ujuzi wake haukufa, umehamia ndani ya mashine, na kila mtu ameona kwa mkono wa nani.

Kuna hasara nyingine hazistahili fidia. Aliyezoea kupewa "chai" ili faili lionekane atapoteza chai hiyo, na haki yake ni kuipoteza. Lakini iandikeni vilevile kwenye karatasi, maana huyo ndiye atakayelalamikia mtandao kwa sauti kubwa kuliko wote, na msipojua chanzo mtaenda kumtafuta fundi wa mtandao bure.

Wapo watakaosema haya yote ni kubembelezana. Tunawaomba waangalie jaribio ambalo Lester Coch na John French walichapisha matokeo yake mwaka 1948. Lilifanywa katika kiwanda cha kushona pajama mjini Marion, Virginia, nchini Marekani, ambako kila wafanyakazi walipobadilishiwa kazi uzalishaji ulianguka na wengi waliondoka. Kundi moja lilibadilishiwa kazi kwa njia ya kawaida: likaitwa, likaelezwa, likaruhusiwa kuuliza maswali, likarudi kazini. Uzalishaji wake ulishuka na haukupanda tena, na asilimia 17 ya watu wake waliacha kazi ndani ya siku 40 za kwanza. Makundi mengine mawili yalishirikishwa kila mtu katika kupanga kazi mpya ifanywe vipi. Hayo yalirudi kwenye kasi yake upesi, yakapita kiwango cha zamani kwa kama asilimia 14, na hakuna aliyeondoka. Kwetu sisi sehemu yenye uzito zaidi ni iliyofuata. Baada ya kama miezi miwili na nusu, waliobaki wa lile kundi lililoanguka walipewa kazi nyingine mpya, safari hii kwa kushirikishwa, nao wakafanya vizuri kama wenzao. Watu walikuwa wale wale. Neno "wabishi" halikuwa na pa kushika.

Mtu asifikiri kwamba kushirikishwa kule kulikuwa ni kuwauliza wafanyakazi kama wanataka mabadiliko au hawataki. Uamuzi wa kupunguza gharama ulikuwa wa kampuni. Walichofanya wakuu ni kuonyesha sababu kwa kitu cha kushika mkononi: nguo mbili zinazofanana, moja ikiwa imeuzwa kwa bei maradufu ya mwenzake, na wafanyakazi wenyewe hawakuweza kuitambua ile ya bei nafuu. Baada ya hapo maswali ya jinsi ya kufanya yakawekwa mezani kwa kweli. Huku kwetu hospitali inaweza kufanya hivyo hivyo. Andika majina 20 ya wagonjwa waliokuja mwaka uliopita, waachie wafanyakazi wenyewe watafute mafaili, na mmoja wao ashike saa. Kama ni mawili au matatu hayakuonekana kabisa, hakuna hotuba itakayolingana na kimya kitakachofuata. Na kama yote 20 yakipatikana kwa dakika chache, basi mkuu naye ajiulize anabadilisha kwa sababu gani.

Jambo la pili ni nani anasema, anasema lini, na kwa kina nani. Sababu ya mabadiliko aieleze mkuu wa juu kabisa, kwa mdomo wake. Yatakayotokea kwa mtu siku ya Jumatatu asubuhi ayaeleze msimamizi wake wa karibu, yule anayempangia zamu. Kosa tunaloliona mara kwa mara ni kumruka huyu wa kati. Mkuu wa zamu anasikia habari pamoja na walio chini yake, wanamgeukia kumuuliza, hana jibu, na kwa kulinda uso wake anasema "mambo ya wakubwa hayo". Maneno hayo manne tu, na mradi umeshapoteza wodi nzima. Wasimamizi waambiwe siku mbili au tatu kabla ya wengine. Wiki nzima ni nyingi mno, siri haitakaa. Siku hiyo hiyo ni kuchelewa. Wapewe karatasi ya ukurasa mmoja yenye majibu matano: kinachobadilika, kisichobadilika, tarehe, wa kuulizwa ni nani, na yale ambayo bado hayajaamuliwa pamoja na siku yatakapoamuliwa. La tano hili wakuu hulikwepa kwa kuogopa kuonekana hawajajipanga. Lakini mfanyakazi akisikia "suala la zamu za usiku halijaamuliwa, jibu ni tarehe 14" anaweza kwenda nyumbani akalala. Asiposikia chochote atajijazia mwenyewe, na atajaza mabaya.

Lamu hasa, habari haina subira. Lililosemwa afisini asubuhi limetoka Mkomani likafika Langoni kabla ya adhuhuri, na barazani kila anayelipokea analiongeza kidogo. Ndiyo maana mtu wa mwisho kuambiwa rasmi lazima aambiwe siku ile ile kama wa kwanza. Hapo ndipo walinzi, wasafishaji, vibarua na watu wa zamu ya usiku husahauliwa. Pangeni vikao vitatu, na cha zamu ya usiku kiwe mwanzoni mwa zamu, saa moja usiku, kuliko kuwashika asubuhi macho yamewawiva kwa usingizi. Vikundi visizidi watu 15. Kama wanawake wa idara hiyo hunyamaza mbele ya wazee wa kiume, fanyeni kikao chao mbali, kikiongozwa na mwanamke mwenye madaraka ya kujibu. WhatsApp itumike kukumbusha tarehe tu. Habari ya kumgusa mtu riziki yake haitumwi kwa simu.

Tunataka kukaa kidogo kwenye suala la kimya, kwa sababu wataalamu wanaokuja kutoka nje hulisoma vibaya. Kwetu mtu mzima hakataliwi hadharani. Mkuu akimaliza kueleza na kuuliza "tumekubaliana?", atapata "sawa" na "inshallah" kutoka kila kona, na atarudi afisini akiandika kwamba wafanyakazi wamepokea vizuri. Hawajapokea, wamemheshimu tu. Ulizeni maswali ambayo "sawa" haiwezi kuyajibu. Ni hatua gani itakayokwama kwanza? Siku ya soko kubwa au siku meli ya watalii imefika, nani atazidiwa? Mngekuwa nyinyi ndio mnaoanza, mngeanza na chumba kipi? Kisha nyamazeni mhesabu moyoni hadi 20. Wa kwanza kusema kwa kawaida atasema jambo dogo la pembeni, meza ipo mbali na soketi, kwa mfano. Liandikeni na mlirekebishe kesho yake. Wakiona dogo limefanyiwa kazi, kikao cha pili watatoa kubwa.

Na mkishayapata makubwa, yatenganisheni, kwa kuwa maradhi haya hayana dawa moja. Asiyejua anahitaji maelezo, na asiyeweza anahitaji mazoezi. Asiyetaka ana hasara kwenye ile karatasi yenu, irudieni. Asiyeamini anahitaji kuona ahadi ndogo ikitimizwa kwa tarehe. Taasisi nyingi zina dawa moja tu, nayo ni semina, kwa hiyo asiyeamini hupelekwa semina ya pili na ya tatu, na kila akirudi imani imezidi kupungua kwa sababu amekula siku zake na tatizo lake liko pale pale.

Mafunzo yenyewe yana makosa yake. Yakifanywa miezi miwili kabla ya mashine kufika, yamesahaulika. Yafanyeni ndani ya wiki mbili za mwisho. Dakika 90 kwa kipindi, watu wasiozidi wanane kwa mkufunzi mmoja, na kompyuta moja kwa watu wawili kwa uchache. Rudieni baada ya siku tatu, maana kipindi cha kwanza watu hujifunza kutoogopa, cha pili ndipo hujifunza kazi. Tumieni fomu zao halisi zenye majina ya kubuni, si mifano ya duka la viatu iliyokuja na programu. Mkufunzi asishike kipanya hata mara moja: akikishika "nikuonyeshe haraka", aliyeketi amejifunza kwamba yeye hawezi. Watu wazima ambao hawajawahi kuchapa wawekwe kikundi chao, peke yao, wasione haya mbele ya vijana waliowazaa. Watu hawa wakishika huwa waangalifu kuliko vijana, na makosa yao ni machache.

Kipindi kizima kimoja kiwe cha kuharibikiwa. Zimeni umeme makusudi. Kila dawati liwe na bahasha ya fomu 50 za karatasi zenye namba, na ijulikane kwa jina nani ataziingiza kwenye kompyuta umeme ukirudi, ndani ya saa 24. Bila hilo, mtandao ukikatika siku ya tatu, daftari la zamani linafunguliwa "kwa leo tu", na leo hiyo haiishi. Neno la siri nalo lisemwe wazi. Likishirikiwa na zamu nzima, kosa likitokea mwenye jina ndiye anayeulizwa, na wafanyakazi wakishamwona mmoja akiandikiwa barua kwa kosa la mwenzake hawatagusa mashine tena.

Kuendesha njia mbili kwa pamoja ni lazima kwa siku chache, na ni mtego ukizidi. Mfanyakazi anayeandika mara mbili amebebeshwa kazi maradufu, kwa hiyo atachagua iliyo nyepesi, na nyepesi ni karatasi. Wekeni siku kumi za kazi, tarehe ya kufunga daftari itangazwe kabla ya siku ya kwanza, na katika siku hizo ongezeni watu wawili kwenye foleni au punguzeni wagonjwa wa miadi. Foleni itarefuka, hilo halikwepeki. Watu wa nje waelezwe kwa tangazo la Kiswahili chepesi mlangoni, na msimamizi asimame kwenye foleni mwenyewe kupokea hasira. Tarehe 1 Oktoba 2024, bima ya afya ya taifa, NHIF, ilipoondoka na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kuingia, walioulizwa maswali yote ya nchi nzima walikuwa makarani wa madawati ya usajili. Mtu wa dawatini aandikiwe sentensi tatu za kumwambia mwananchi, na ajue wa kumpelekea asiyeridhika.

Daftari likishafungwa, baada ya wiki tatu hivi litachipuka jingine chini ya meza. Msilinyang'anye. Kaeni na mwenyewe mlisome. Lina kitu ambacho kompyuta haina: pengine namba ya simu ya jirani wa mgonjwa, au boti gani humleta kutoka Faza na hurudi maji yakijaa saa ngapi, ili asipangiwe miadi atakayokwama nayo. Hiyo ni kasoro ya mfumo iliyogunduliwa bure.

Kuhusu hoteli na uvuvi, tahadhari mbili. Malindi, wakuu hupenda kubadilisha mambo baada ya Pasaka mvua za masika zikianza, kwa kuwa vyumba ni vitupu. Ni kweli nafasi ipo, lakini ndio msimu ambao vibarua hurudishwa nyumbani, kwa hiyo neno lolote litakalotangazwa wakati huo litasikika kama kuachishwa kazi. Tangazeni mapema wageni wakiwapo, mseme idadi ya nafasi zitakazobaki, kisha masika iwe ya mafunzo yenye malipo. Na mnapounganisha wahudumu wa vyumba na wa mkahawa, safu ya pesa iandikwe kwa ukweli: bakshishi haimo kwenye hati ya mshahara ila imo kwenye karo ya watoto. Lamu, msianze jambo mwezi wa Ramadhani wala Mfungo Sita wakati wa Maulidi. Kwa wavuvi, vikao viwe kusi kali vyombo vikiwa vimelala.

Chama cha ushirika kikitaka kumlipa kila mvuvi moja kwa moja kwa simu badala ya kumkabidhi nahodha fedha zote, mhasibu ataona usafi mtupu. Lakini nahodha ndiye anayegawa sehemu ya chombo, ya nyavu na ya mabaharia, na pengi yeye au tajiri wa chombo ndiye anayewakopesha watu wake kusi bahari ikifungika. Ukimwondolea mgao, umeondoa na mkopo. Nani ataubeba? Eric Trist na Ken Bamforth walieleza mwaka 1951 jinsi mashine mpya katika migodi ya makaa ya mawe ya Uingereza zilivyovunja vikundi vya wachimbaji wawili watatu waliochaguana na kutazamana, wakawekwa kama 40 katika zamu tatu, kila mmoja na kipande chake cha kazi. Utoro ukaongezeka na kila zamu ikailaumu iliyotangulia. Mashine haikuwa na kosa. Ilichovunja hakikuwa kwenye mchoro wa mhandisi, na mabaharia wa jahazi moja nao hawamo kwenye mchoro wa mhasibu.

Sheria tunaitaja kwa ufupi kwa kuwa iko wazi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 10(5), inamtaka mwajiri ashauriane na mfanyakazi masharti ya kazi yake yanapobadilika na kumwarifu kwa maandishi. Kama kuna watakaopunguzwa, kifungu cha 40 kinadai taarifa isiyopungua mwezi mmoja kwa chama cha wafanyakazi na afisa wa leba, vigezo vya haki vya kuchagua nani aondoke, na kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Anayefuata sheria tu bila haya mengine atashinda kesi na kupoteza wafanyakazi.

Baada ya kuanza, wakuu hupumua na kuondoka wiki ya tatu, wakati ambapo hamu ya mwanzo imekwisha na mazoea mapya hayajaja. Wiki ya pili hadi ya sita ndiyo inayoamua. Kila zamu iwe na mwenzao mmoja wa kuwasaidia, aliyechaguliwa nao wenyewe. Wakuu humteua kijana hodari wa kompyuta, ilhali watu humwendea yule wanayekunywa naye chai. Apunguziwe saa moja ya kazi yake kila siku kwa ajili hiyo, na asihamishwe kabla ya miezi sita. Hesabuni mambo matatu kila wiki na myabandike ukutani: watu waliongoja zaidi ya dakika 30, kumbukumbu zilizorekebishwa, na siku za kazi walizokosa wafanyakazi. Idadi ya waliohudhuria semina iacheni, haisemi kitu. Maswali yaandikwe kwenye daftari lililo wazi karibu na mlango na yajibiwe ndani ya siku mbili, hata jibu likiwa ni hapana.

Gharama za haya ziingie kwenye bajeti ile ile ya mashine. Kwa kila mfanyakazi anayeguswa wekeni siku tatu za kutokuwepo kazini kwake na mtu wa kumshikia nafasi, na nusu siku nyingine wiki ya sita. Tunawaomba wajumbe wa mabunge ya kaunti za Kilifi na Lamu, zabuni ya kompyuta inapofika mezani kwao, waulize fungu hilo liko ukurasa gani. Na waulize vilevile yale madaftari ya miaka 20 yatawekwa wapi. Yasitupwe uani kwenye mvua machoni pa aliyeyaandika. Yafungwe kwa mwaka, yawekwe mahali pakavu palipoinuliwa kutoka sakafuni mbali na mchwa, na funguo akabidhiwe karani yule yule.

Sisi washauri wa masuala ya utumishi,
Malindi